Bima iandike masharti ya kiribatumbo

Hospitali ya Taifa Muhimbili, kupitia Mloganzila, imekwisha kuwawekea wagonjwa puto tumboni na imekwisha kuwapunguza matumbo kwa upasuaji. Safari ambayo zamani mwenye fedha aliifunga hadi India siku hizi inaishia kando ya Barabara ya Morogoro. Madaktari wametimiza sehemu yao. Wanaodaiwa sasa ni walioshika kalamu ya bima, na deni lao halihitaji maelezo marefu: waandike, kwa maneno ambayo mwanachama yeyote atayasoma akayaelewa, ni mgonjwa gani wa kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, atakayelipiwa na kwa masharti gani. Atakayekataliwa naye aandikiwe sababu.

Tunalisema hili tukiitazama Mkwajuni. Hapa ndipo makao makuu ya Wilaya ya Songwe, wilaya ya dhahabu iliyomegwa kutoka Chunya. Mgodi wa New Luika uko wilaya hii hii, na pembeni yake yako maduara ya wachimbaji wadogo. Mwajiriwa wa kampuni kubwa hupewa kadi ya bima na mwajiri wake. Mchimbaji wa duara, mwenye karasha na mama lishe anayewapikia wote wawili wako katika hali nyingine kabisa. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na nguvu ya kadi ile iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mloganzila iko mbele ya hapo, kwa kilomita na kwa kadi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada wa mwaka 2022 kuondolewa ukafanyiwe kazi upya. Kilichoukwamisha ule wa kwanza ni swali la nani atawalipia wasio na uwezo, wakati kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka. Jibu lililopatikana ni mfuko maalumu wenye vyanzo vyake, na kati ya vyanzo hivyo sheria imetaja vinywaji vyenye kaboni na vilevi. Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo. Dereva wa lori anayekaa foleni ya Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, akila chipsi mayai na kushushia soda kwa sababu ndicho chakula kilicho jirani na usukani wake, anauchangia mfuko huo kwa kila chupa. Dola inayochukua fedha kwenye soda kwa jina la afya haiwezi kesho yake kumwambia dereva yule kwamba unene wake ni mambo yake binafsi.

Dhana hiyo ya mambo binafsi ndiyo kiini cha tatizo. Wengi wetu, wakiwamo wanaokaa kwenye meza za maamuzi, bado tunaliweka tumbo kubwa kwenye kapu moja na kucha za bandia: jambo la urembo, basi mwenyewe alipie. Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ugonjwa sugu, na kipimo chake kinajulikana: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukifika 30 umeingia kwenye kiribatumbo. Tuseme ni mama mwenye kilo 115 na urefu wa sentimita 160. Hesabu yake inakaribia 45. Mama huyo hatafuti kiuno cha kuvalia gauni. Ana sukari, presha na magoti yasiyopanda ngazi ya zahanati, na usiku mumewe humwamsha kwa hofu kwa sababu pumzi yake hukatika usingizini.

Wapo waliokwisha kuliandika. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu, mwaka 2004 ilifuta katika miongozo yake maneno yaliyosema kwamba unene si ugonjwa. Mwaka 2006 ikaweka masharti ya kulipia upasuaji: kipimo cha 35 au zaidi, angalau ugonjwa mmoja unaoambatana na unene, na uthibitisho kwamba njia nyingine za matibabu zimejaribiwa zikashindwa. Masharti hayo yalijengwa juu ya makubaliano ya wataalamu ya mwaka 1991, na mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilipendekeza yalegezwe. Nyuma ya upasuaji huo kuna ushahidi, ukiwamo utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia zaidi ya watu 4,000, ambao ulionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa uzito kama wao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Hatusemi Tanzania inakili namba za Wamarekani. Tunasema inawezekana kuliandika jambo hili bila kuifilisi bima, kwa sababu masharti yenyewe ndiyo mlango: humpitisha mgonjwa na kumzuia mwenye kutamani tu.

Hofu ya kufilisika tunaielewa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeutaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kuwa na nakisi, na Machi 2024 nchi nzima ilishuhudia hospitali binafsi zikisitisha huduma kwa wanachama wake baada ya kitita kipya cha bei kukataliwa. Lakini mfuko huo huo unalipia usafishaji wa figo, ambao mgonjwa huufanya kwa kawaida mara tatu kwa wiki hadi apate figo au afe, na kati ya njia kuu zinazowafikisha watu kwenye mashine ile ni sukari na presha. Anayelipia mwisho wa ugonjwa bila kuuliza, kisha akanuna anapotajiwa katikati yake, hajabana matumizi. Ameahirisha tu deni, nalo linazidi kukua.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo, na anayelitoa si mjinga. Mkoa wa Songwe, katika utafiti wa taifa wa lishe wa 2018, ulikuwa na watoto waliodumaa zaidi ya asilimia 40 ya walio chini ya miaka mitano. Mkoa wenye njaa iliyofichika kiasi hicho unadai nini na upasuaji wa matumbo makubwa? Tunajibu kwamba mtoto aliyedumaa na mama mnene mara nyingi wanalala nyumba moja na kula sufuria moja, ya ugali mwingi na mboga chache. Utafiti ulioanzishwa na daktari Mwingereza David Barker umeonyesha kwa miaka mingi kwamba aliyenyimwa lishe tumboni mwa mama na utotoni yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari na magonjwa ya moyo ukubwani. Kwa hiyo waliodumaa mwaka 2018 ndio wanachama wa bima wa mwaka 2045. Wakati huohuo, utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Huu si ugonjwa wa Masaki peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam hawalioni kutoka waliko. Tuseme masharti yameandikwa kesho asubuhi na yanafanana na yale tuliyoyataja. Sharti la kudai uthibitisho wa matibabu yaliyoshindwa linamtaka mgonjwa awe na karatasi: uzito wake wa kila mwezi, presha, sukari, ushauri wa lishe aliopewa na tarehe zake. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kulikusanya faili hilo kwa nauli ya daladala. Wa Mkwajuni atalitoa wapi? Katika vituo vingi mizani ya watu wazima inagota kilo 120 au 150. Mkanda wa presha wa ukubwa wa kawaida ukifungwa kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na ule mpana haupatikani. Ofisa lishe akiwapo, kazi yake yote ni watoto na wajawazito. Mgonjwa atafika dirishani ana kila sababu ya kulipiwa ila hana ushahidi, na karani atamkataa kwa mujibu wa kanuni. Hapo sheria itakuwa imemsaidia yuleyule aliyekuwa na nafuu tangu mwanzo.

Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza mwaka 2019. Wajibu wake wa kwanza katika wilaya kama hii ni kliniki ya kawaida ya kila mwezi, yenye daftari, mizani inayofika kilo 200 na mikanda ya presha ya saizi mbili. Wengi watakaofuatiliwa vizuri hapo hawatahitaji kisu. Watakaokihitaji watakuwa na faili.

Hadi hayo yatimie, watu wanajilipia, na namna wanavyojilipia inatutia wasiwasi. Mtumishi wa umma huchukua mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka. Asiye na hati ya mshahara huanza na kikoba, huuza ng'ombe, hupitisha mchango kwenye kundi la ukoo, na pengo linalobaki hulizibia kwa kausha damu, mkopo wenye riba ya kila wiki ambao umewafanya watu wahame mji. Kumkopea mtu namna hiyo kwa ajili ya matibabu ni kumtoa presha mkono wa kulia na kumrudishia kwa kushoto. Serikali ya mtaa inayowajua wakopeshaji hawa kwa majina na kunyamaza nayo ina lake la kujibu.

Hospitali nazo zisijisahau. Puto ni la muda. Hukaa miezi sita hadi mwaka kisha hutolewa, na asiyebadili mlo uzito humrudia. Upasuaji wa kupunguza tumbo huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula na hauna kurudi nyuma. Aliyepasuliwa atameza vitamini na madini maisha yake yote na atapimwa damu mara kwa mara. Bei inayotangazwa bila kutaja vidonge hivyo, vipimo hivyo na nauli ya kutoka Mkwajuni hadi Mbalizi, Mbeya na kisha Dar es Salaam ni nusu ya bei. Tangazo linalopambwa kwa picha za kabla na baada kama la duka la mawigi linaharibu hoja yote tunayoijenga, kwa kuwa linairudisha huduma hii kwenye kapu la urembo. Mgonjwa naye, akishalipiwa na wenzake, hana ruhusa ya kuacha kliniki mwezi wa tatu kwa kuwa amekwisha kupungua.

Na jamii? Kwenye ukanda huu wa mpakani, uliouona UKIMWI kwa macho yake, kukonda kulikuwa tangazo la msiba. Watu walijifunza kuuona mwili mnene kama cheti cha afya, na hadi leo anayepungua kwa ushauri wa daktari huulizwa kwa sauti ya chini amepatwa na nini. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Inaondolewa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuzungumza nyumba kwa nyumba, kazi ambayo haijawahi kufanywa vizuri kwa mabango.

Waziri wa Afya ndiye mwenye kanuni za kitita cha mafao, na kwake tunadai masharti yaliyoandikwa na kutangazwa kwa Kiswahili. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ihakikishe kampuni binafsi nazo zinaonyesha wazi msimamo wao kabla mteja hajalipa ada, siyo baada ya kuugua. Kuhusu mizani, daftari na mikanda ya presha, Baraza la Madiwani la Wilaya ya Songwe hukutana kila robo mwaka hapohapo Mkwajuni, nalo lina mapato yake ya ndani, yakiwamo yanayotokana na dhahabu. Ombi hilo halihitaji kusubiri barua kutoka Dodoma. Liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho.