Mizani ya Herufi Moja

Kipimo ni ahadi baina ya muuzaji na mnunuzi. Mahali ambapo kipimo kinajulikana na watu wote, mtoto aweza kutumwa sokoni, na mzee asiyejua kusoma aweza kuuza mavuno yake bila hofu. Mahali ambapo kipimo kinajulikana na upande mmoja tu, biashara hugeuka bahati nasibu, na aliye gizani ndiye alipaye. Nia yangu ni kuonyesha kwamba intaneti inauzwa kwetu kwa kipimo cha namna hii ya pili, na kwamba hatuna udhuru wa kunyamaza.

Wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji kufundishwa uchungu wa kipimo kibaya. Mkulima wa viazi wa Molo, Njoro au Mau Narok ameujua kwa miaka mingi. Aliuza gunia, lakini mnunuzi alikuja na gunia lililoungwa wavu juu ya mdomo wake, likameza viazi vingi zaidi kwa bei ya gunia moja. Jina lilikuwa lile lile. Mzigo haukuwa ule ule. Kanuni za serikali za mwaka 2019 ziliamuru gunia la viazi lisizidi kilo 50. Maana ya amri hiyo ni nyepesi: neno gunia peke yake halitoshi, sharti liwe na uzito unaojulikana na pande zote mbili.

Sasa na tuyatazame matangazo ya intaneti mjini Nakuru. Bango lasema kwamba kasi ya waya unaoletwa nyumbani ni 10 Mbps. Mwenye simu naye huuziwa bando la MB 500 au GB 1. Mtu wa kawaida huona mega hapa na mega pale, akadhani ni kitu kimoja. Sicho. Herufi b ndogo ni biti, na herufi B kubwa ni baiti. Na baiti 1 ina biti 8. Kwa hiyo 10 Mbps ni megabiti 10 kwa sekunde, nazo ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Faili la masomo lenye megabaiti 700 halitapakuliwa kwa sekunde 70, kama adhaniavyo mnunuzi. Litachukua sekunde 560, yaani dakika 9 na sekunde 20, hata kama njia haina msongamano wowote.

Wazee wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, na vibaba 4 vilikuwa pishi 1. Majina hayo hayafanani kwa sauti wala kwa maandishi. Hata kipofu asingeuziwa kibaba kwa bei ya pishi. Sisi tujionao kuwa watu wa maendeleo tumekubali vipimo viwili vinavyozidiana mara nane vitenganishwe na ukubwa wa herufi moja. Mchoraji wa bango akipenda kuandika maneno yote kwa herufi kubwa, hata tofauti hiyo ndogo hufutika.

Sitaki kuwadhulumu wahandisi. Neno biti lilichapishwa na Claude Shannon mwaka 1948, naye alisema kwamba mwenye kulibuni ni John Tukey. Neno baiti lilibuniwa na Werner Buchholz mwaka 1956, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM. Mjenzi wa njia huhesabu ishara zipitazo mojamoja, basi biti humfaa. Mjenzi wa ghala huhesabu mafungu, na baiti humfaa, kwa kuwa herufi moja ya maandishi yetu ya Kiswahili hukaa kwa kawaida katika baiti 1. Kila kipimo kina heshima yake mahali pake. Lakini kumbukeni jambo hili: Buchholz alilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya kung'ata, akaligeuza tahajia makusudi, ili watu wasije wakalichanganya na biti. Mbunifu mwenyewe aliiona hatari. Je, muuzaji wa leo anawezaje kusema kwamba hatari hiyo haipo?

Wapo wasemao kwamba tangazo la biti si uongo. Naam, si uongo. Lakini kweli isiyoeleweka haimfai mnunuzi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Haikusema kwamba habari hizo zifichwe katika umbo la herufi.

Wapo tena wasemao kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na raia hayamhusu. Hoja hii ndiyo mbaya zaidi, na madhara yake yana pande mbili. Chukueni mfano wa jamaa moja ya Njoro iliyolipia 10 Mbps. Leo kioo cha kompyuta chaonyesha kwamba faili linaingia kwa megabaiti 1.1 kwa sekunde. Asiyejua hesabu atapiga kelele kwamba ameibiwa karibu mali yote. Lakini 1.1 mara 8 ni 8.8, na sehemu ya kilichobaki imetumika kubeba anwani na vifungashio vya habari zenyewe. Huyo amemshtaki asiye na hatia. Kesho kioo chaonyesha 0.4. Zidisha kwa 8, upate 3.2, ambayo haifiki hata theluthi ya alicholipia. Kama hakuna kasoro katika vyombo vyake mwenyewe, hapo ana haki ya kulalamika. Lakini akiambiwa, "Hayo ni mambo ya biti na baiti," hurudi nyumbani kimya. Huyo amemwachia mwenye kosa. Asiyejua kuzidisha kwa nane hawezi kushtaki wala kusamehe kwa haki.

Wengine hushauri kwamba biti ifutwe kabisa katika matangazo. Sikubaliani nao. Dunia nzima hupima kasi ya njia kwa biti, na kijana wetu akifichwa neno hilo atakuwa mgeni popote aendapo. Dawa si kuficha kipimo kimoja. Dawa ni kuvitaja vyote viwili. Mamlaka ya Mawasiliano na iagize kila tangazo liandikwe kwa maneno kamili: megabiti 10 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.25. Wino wa maneno hayo haugharimu kitu. Mizani ya duka hukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani. Kwa nini bidhaa hii inayonunuliwa kila siku iachwe ijipime yenyewe?

Bonde letu si geni katika mambo ya mawasiliano. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa karibu na mlima Longonot. Mwaka 2009 nyaya za nuru zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na kutoka huko habari zikapanda bara hadi kwetu. Njia imefika, elimu ya kuipima imechelewa. Basi hesabu hii isingoje somo la kompyuta, ambalo wengi hawalisomi. Na ifundishwe katika hesabu za kila siku, pamoja na debe, gunia na kilo.

Nanyi wanafunzi, wazazi wenu watawaulizeni ninyi kwanza siku waya utakapoletwa nyumbani. Bango likitaja Mbps, gawanyeni kwa nane. Kioo kikitaja MB kwa sekunde, zidisheni kwa nane. Kisha andikeni jibu katika daftari, pamoja na siku na saa, kabla hamjalipa mwezi wa pili. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; na fedha ya intaneti nayo ni mali, imetoka katika viazi, maziwa na mahindi ya waliowazaa.