Kamera Inatafuta Shati, Haitafuti Mtu

Wafanyabiashara wanaorudi kutoka Kampala siku hizi wana hadithi moja, nayo ni ya kamera. Zimejaa kwenye nguzo, wanasema, na mwizi akitoka sokoni upande huu anaonekana akiingia mtaa ule. Kisha hufuata maneno yanayoniudhi: hata sisi wa Kasongo na Kabambare, huku mashariki mwa Congo, tungefungiwa hizo, vita vya wanamgambo wa Mai-Mai vingekwisha. Nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, wazee waliopoteza mali na ndugu kwenye njia ya Salamabila. Uchungu wao naujua. Lakini wanaomba kitu kitakachowaumiza watoto wao wenyewe, na ni heri tuseme hivyo mapema, kabla hajaja mtu wa kutuuzia.

Hoja wanayo. Huko Salamabila, penye mgodi wa dhahabu wa Namoya, watu wametekwa na magari yamevamiwa miaka nenda miaka rudi. Shahidi huogopa kusema. Kamera haiogopi, wala haiombi madeso ya bana, yaani rushwa. Na asiye na kosa, wanaongeza, ana hofu gani?

Basi tuitazame hiyo Kampala. Machi 2017 aliuawa afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi. Juni 2018 akauawa mbunge Ibrahim Abiriga, na Rais Museveni akashikilia kwamba lazima kamera zifungwe. Kampuni ya Huawei ikazileta kwa mradi wa dola milioni 126. Novemba 2020 mgombea urais Bobi Wine akakamatwa katikati ya kampeni, vijana wakaingia barabarani, watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Polisi ikatangaza kuwa imekamata watu 836, na ikasema kamera hizo zinaisaidia kuwasaka walioshiriki. Zilinunuliwa kwa ajili ya wauaji, zikawageukia waandamanaji. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asite.

Ila mimi linaloninyima usingizi ni namna mashine yenyewe inavyofanya kazi.

Uso husomeka mtu akiwa karibu na kamera. Akiwa mbali, au akiwa amegeuka, uso ni doa tu. Ndiyo maana mafundi wakabuni njia nyingine: kumtambua mtembea kwa miguu kwa umbo lake zima, kutoka kamera moja hadi nyingine. Mashine humkata kwenye picha kama fundi cherehani anavyokata kitambaa, hukigeuza kipande hicho kuwa safu ya namba, kisha huzilinganisha namba hizo na za wapita njia wote waliopigwa picha na kamera nyingine. Halafu huwapanga foleni, anayefanana zaidi mbele. Kufanana kwa nini? Kwa sehemu kubwa ni rangi ya shati, suruali, mfuko begani, viatu. Watafiti wenyewe wamelipima jambo hili: mtu akibadilisha nguo, mashine iliyokuwa ikisifiwa hupotea njia vibaya.

Sasa njoo usimame Kasongo saa wanafunzi wanapotoka shuleni. Mashati meupe, suruali na sketi za buluu, mamia kwa mamia, kama ilivyo Congo nzima. Njoo Ijumaa baada ya sala, katika mji huu ambamo Uislamu una mizizi tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip: kanzu nyeupe, kofia nyeupe, kutoka mlango wa msikiti hadi barabarani. Njoo tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, uwaone akina mama wakipita kwa mistari, kitenge kimoja, mshono mmoja. Au mtazame abiria anayeshuka kwenye pikipiki kutoka Kabambare wakati wa kiangazi. Aliondoka na shati la kijani, amefika na shati jekundu la vumbi, nyusi nyekundu, mfuko mwekundu. Akioga na kubadilisha nguo, kwa mashine ni mtu wa tatu. Kwetu sisi, kila anayemfahamu humtambua kwa mwendo wake tu, hata akiwa ametupa mgongo.

Na hapa ndipo subira yangu inapokwisha. Tunaambiwa mashine hizi hupata zaidi ya 95 katika 100. Katika mtihani gani? Mojawapo ya mitihani inayotumika zaidi duniani, Market-1501, ulitolewa mwaka 2015 kwa picha zilizopigwa katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing: kamera 6, watu 1,501, vipande vya picha 32,668. Katika mtihani huo, kila anayetafutwa yumo miongoni mwa picha. Jibu lipo daima, kazi ni kulichomoa. Lakini barabarani anayetafutwa huenda hakupita kabisa. Huenda yuko msituni, huenda amekwisha kuvuka kwenda jimbo la Tanganyika. Foleni itapangwa vilevile, na mtu fulani atakuwa wa kwanza. Mtasema inaweza kuwekewa kikomo, kwamba kufanana kukipungua kiasi fulani inyamaze. Ndiyo, inaweza. Kikomo hicho atakiweka nani, ofisi gani, na sisi tutamuuliza wapi? Kamanda anayedaiwa matokeo na wakubwa wake hatataka mashine inayonyamaza. Atataka jina, na jina atalipata. Hayo ndiyo mauaji ya haki ninayoyaogopa: si kwamba mashine itashindwa kumpata mhalifu, bali kwamba itampata mtu kila siku, awepo mhalifu au asiwepo.

Wengine wamekwisha kupata pa kulalamikia. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kilirekodi wanafunzi wakitembea kati ya majengo mwaka 2014, kwa kamera 8, ili kufundishia mashine za aina hii. Mwaka 2019 kelele zilipopanda kuhusu picha hizo, mkusanyo wake ukaondolewa na profesa aliyehusika akaomba radhi. Wale walikuwa na wanasheria, magazeti na chuo cha kulalamikia.

Kijana wa Kabambare atakapowekwa wa kwanza kwenye foleni, atasimamishwa kwenye barieri akiwa peke yake. Kitambulisho cha taifa hana, kama mamilioni ya Wakongomani tangu Zaire ilipokufa. Atatoa kadi ya kura ya 2023, na sote tunajua kadi zile: nyingi wino wake umefutika, picha imebaki kivuli, jina halisomeki tena. Askari ataigeuza mbele na nyuma, haoni kitu. Kisha atatazama simu yake, penye picha ya mtu aliyevaa jezi ya Leopards, timu yetu ya taifa, na atamtazama kijana. Jezi ni ileile. Imeuzwa sokoni kwa kila aliyekuwa na pesa.