AFYA YA WATOTO: ASIYEINUKA ALFAJIRI

Huko Gwarama, katika nyanda za juu za Kigoma, asubuhi huwa na baridi, na mtoto achechemeaye alfajiri huambiwa kuwa ni baridi tu, au ni mvivu wa sala na chuo. Ifikapo adhuhuri huonekana akicheza na wenziwe, basi baba huona uwongo umethibitika. Twawaomba wazazi wasiharakie bakora.

Yako maradhi yawapatayo watoto kabla ya kutimia miaka 16, yaitwayo baridi yabisi ya utotoni. Jina hilo lapoteza, kwani si baridi iyaletayo, wala si ya wazee peke yao. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huvigeukia viungo vyenyewe. Sababu yake hasa haijajulikana. Daktari Mwingereza, George Frederic Still, aliandika habari za watoto 22 wenye maradhi ya namna hii mwaka 1897.

Dalili yake kubwa ndiyo hiyo ya alfajiri: kiungo hukakamaa baada ya usingizi, kisha hulegea kadiri jua lipandapo. Goti au kifundo cha mguu huvimba, na hali hiyo huendelea wiki 6 au zaidi. Wengine hawalii maumivu kabisa. Mama hutambua kwa kuwa mtoto aliyekwisha kutembea ataka kubebwa tena. Wako wenye homa ipandayo kila siku, hasa jioni, pamoja na vipele vijavyo na kutoweka. Litutishalo zaidi ni macho: huweza kuugua kwa ndani pasipo wekundu wala maumivu, hata mtoto akapofuka. Yapimwe, ingawa yaonekana mazima.

Selimundu, kifua kikuu cha mifupa na homa ya baridi yabisi idhuruyo moyo hufanana nayo. Kwa hiyo tabibu ndiye wa kupambanua. Na kiungo kilichovimba ghafula, chenye moto na homa kali, hakingoji kesho, maana huenda kina usaha. Chale haziutoi.

Dawa zipo. Mojawapo hunywewa mara moja tu kwa wiki, na kuinywa kila siku ni hatari. Safari ya kutoka Gwarama hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ndefu, na nauli si jambo dogo. Lakini kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi kama kilivyokuwa.

Ama sala, asiyeweza kusimama asali ameketi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomruhusu Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Mwalimu wa chuo naye aarifiwe mapema, ampe mtoto huyo kigoda badala ya mkeka.