Mganda wa Mississippi

Ndugu msomaji, kisa hiki kilinikuta Nzega, nami sikukitafuta. Basi tulilopanda kwenda Mwanza liliharibika hapo baada ya adhuhuri, fundi akaingia chini yake, na sisi abiria tukatawanyika kutafuta kivuli. Karibu na stendi palikuwa na banda la video, na ndani yake vijana na watoto walikuwa wakitazama mieleka ya zamani ya Marekani. Niliingia kwa ajili ya kivuli, wala si kwa ajili ya mieleka, lakini mtu akishaketi hutazama kilichoko mbele yake.

Katika televisheni alitokea pande la mtu, miguu mitupu, uso umepakwa rangi, nyota kifuani na mwezi tumboni, kiunoni amefunga nguo ya kuigiza ngozi ya chui, na mkononi ana mkuki. Anajipiga tumbo kwa viganja na kuguna. Maneno hasemi. Mtangazaji asema huyo ni Kamala, jitu la Uganda. Basi mwenzetu mmoja wa safarini, mtu mzima wa pwani mwenye kofia yake nzuri ya viua, akaangua kicheko akasema, "Mtazameni mshenzi huyo! Ndio watu wa bara hao!" Ayasema hayo Nzega, katikati ya watoto wa Nzega. Nami, sikufichi, nilicheka pamoja naye. Ndipo mtoto mmoja aliyeketi mbele yangu akageuka, akaniamkia shikamoo kwa adabu, akauliza, "Babu, kwani Waganda wanavaa vile?"

Nilitahayari. Mtoto yule alistahili jibu, nawe msomaji walistahili pia, maana huenda wanao wakawa wanaitazama mieleka hiyo hiyo ukumbini mwako, nawe uko jikoni au barazani ukisikia tu kelele zake.

Mtu yule hakuwa Mganda. Jina lake ni James Harris, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa tarehe 28 Mei 1950 katika jimbo la Mississippi. Baba yake aliuawa yeye angali mtoto mdogo. Shule hakuimaliza, akachuma matunda mashambani Florida, akaendesha malori. Mieleka ya kulipwa aliianza mwaka 1978, na alipokwenda Uingereza alipigana kwa jina la kwao, Mississippi. Mwaka 1982 huko Memphis mwandalizi wa mieleka, Jerry Jarrett, pamoja na mwanamieleka Jerry Lawler, walimtungia asili mpya. Wakampaka rangi, wakamvua viatu, wakamtia mkuki mkononi, wakatangaza kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Msitu wa Uganda ulioonyeshwa kwa watazamaji ulikuwa shamba la Tennessee.

Kumbuka, ndugu yangu, kwamba Amin aling'olewa Kampala mwezi wa Aprili 1979, na kwamba wana wa nchi hii walimwaga damu katika vita vile. Miaka mitatu tu baadaye msiba ule ulikuwa umekwisha kuwa kinyago cha kuuzia tikiti Memphis.

Utasema ule ni mchezo, na mchezo hauna kosa. Mimi sina ugomvi na mieleka. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana na Rukana, mtu ambaye Makka nzima ilimjua kwa nguvu, akamwangusha. Lakini Rukana aliingia kwa jina lake na kwa nasaba yake, akaangushwa akiwa mtu. Huyu wa Marekani alitakiwa kwanza auvue utu wake nje ya ulingo. Alifundishwa ajifanye hajui hata namna ya kumshinda mtu. Akishamwangusha mwenziwe alimlalia kifudifudi, na msimamizi wake aliyevaa kofia ya wasafiri wa Kizungu na kuficha uso akahangaika kumwelekeza amgeuze. Watu wakacheka. Na mwaka 1993 ikatungwa hadithi ya mchungaji anayemsomesha kwamba yeye ni mwanadamu na wala si mnyama! Mwanamume mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi, baba wa watoto, aliyeendesha malori katika barabara za Marekani, afundishwa mbele ya umma kuwa yeye ni mtu.

Je, wale wa Memphis waliitoa wapi sura ile? Hawakuibuni. Iliandikwa zamani katika vitabu vya wasafiri waliopita njia hii hii ya misafara. Burton na Speke walifika Tabora, wakati ule ikiitwa Kaze, mwezi wa Novemba 1857; mwaka uliofuata Speke akakata kaskazini hadi ziwani Mwanza, kupitia nchi hizi za Wanyamwezi na Wasukuma. Akaja Stanley mwaka 1871, na vitabu vyake vikalivika bara zima giza mbele ya wasomaji wa London na New York.

Hapa, msomaji wa Mombasa, wa Tanga, wa Lamu na wa Unguja, usiharakishe kuwalaani Wazungu peke yao. Wasafiri wale waliongozwa na watu wetu. Neno mshenzi hawakulileta kutoka London, walilikuta vinywani mwetu. Sisi wa mwambao tulijiita waungwana, na kila aliyetoka ng'ambo ya mrima tukamwita mshenzi, hata yule aliyebeba pembe kwa mabega yake mpaka Bagamoyo ili jumba la mtu lipate kujengwa kwa mawe. Mnyamwezi mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, kwa miezi, kwa ujira wa merekani na shanga. Alikuwa mtu wa kazi yake, mwenye kupatana ujira, na akidhulumiwa aliutua mzigo njiani akaenda zake. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemcheka. Sura ya Al-Hujurat yatukataza watu kuwadharau watu wengine, nasi twaisoma, kisha twatoka msikitini na neno lile lingali mdomoni.

Utasema tena, alikubali mwenyewe, na alilipwa. Haya, tuutazame ujira. Makampuni ya mieleka ya Marekani humhesabu mwanamieleka kuwa mkandarasi anayejitegemea. Maana yake, akivunjika ni lake, akiugua ni lake, na akizeeka pensheni hana. Mwezi wa Agosti 1992 Harris alipigana uwanja wa Wembley, London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba siku ile alipata dola 13,000, na mpinzani wake akapata nusu milioni. Alipoacha kazi ile alirudi kwenye lori. Kisukari kikamla mguu mmoja mwaka 2011, na wa pili mwaka 2012. Akatengeneza viti vya mbao kwa mikono yake akaviuza. Mwaka 2016 aliungana na wenziwe kushitaki kampuni kubwa ya mieleka kwa madhara ya vichwa, na mahakama ikaitupa kesi mwaka 2018. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, wakati wa korona, naye ana miaka 70. Mpagazi wa Unyamwezi angalau aliweza kuutua mzigo.

Siku hizi kuna vijana wa Mukono, Waganda wa kweli, wanaopigana mieleka ya kuigiza kwenye tope, na dunia inawatazama. Sijui kama tope lile litawalisha, lakini hakuna anayewapa mkuki na kuwakataza kusema.

Nilimweleza mtoto yule kwa ufupi, kadiri ya umri wake. Mwenzetu wa kofia ya viua alikuwa ametoka nje kununua karanga. Mtoto akafikiri, akauliza, "Basi kwao ni wapi?"

Nikamwambia Marekani, mahali paitwapo Mississippi.

"Na huko ndiko wanavaa vile?"

"Hata huko," nikamwambia. "Huko alikuwa dereva wa lori."

Akachungulia mlangoni, ambapo malori matatu ya pamba yalikuwa yamepangwa kando ya barabara na madereva wake wanakunywa chai, kisha akanitazama mimi kama mtu anayedhani anadanganywa.