Aliyefunga Kontena Atie Saini

Mbaazi ya Babati hulimwa zaidi kwa ajili ya walaji wa ng'ambo kuliko wa hapa. Soko lake kubwa ni India, na nchi hiyo ilipoweka vikwazo vya uagizaji mwaka 2017, bei iliporomoka hadi kwenye magulio ya Manyara. Kwa hiyo sheria za bahari zinatuhusu, hata kama mji wetu uko mbali na pwani. Magunia yaliyopangwa ovyo ndani ya kontena huhama meli inapoyumba. Kontena likielemea upande mmoja linaweza kuangusha safu nzima, na mzigo mzito kama vyuma au magogo, ukifunguka, unaweza kuharibu ukuta wa meli yenyewe. Hapo ndipo mwenye meli anapotafuta wa kumdai.

Jibu la sheria lipo tangu zamani. Kanuni za Hague za 1924 na Kanuni za Hamburg za 1978, ambazo Tanzania ilijiunga nazo mwaka 1979, zinakubaliana kwamba mtumaji wa mzigo hawajibiki kwa madhara ya meli ila yakitokana na kosa au uzembe wake, wa watumishi wake au wa mawakala wake. Kuhusu uzito zimekaza zaidi: mtumaji huhesabiwa kuwa amedhamini usahihi wa alichoandika. Naona msingi huo ni wa haki. Kinachotushinda ni ushahidi. Magunia hupakiwa lori hapa, hushushwa ghalani Dar es Salaam, huingizwa kontenani na vibarua wa wakala, kisha kontena hupigwa lakiri. Meli ikiumia wiki kadhaa baadaye, hakuna karatasi inayoonyesha nani aliupanga mzigo, aliufunga kwa mikanda gani, wala nani aliukagua. Kosa lisilo na mwenyewe humwangukia yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya shehena.

Kuhusu uzito, dunia imeshajifunza. Meli ya MSC Napoli ilipovunjika Januari 2007 kati ya Uingereza na Ufaransa, wachunguzi walipima makontena yapatayo 660 yaliyobaki makavu sitahani, na 137 kati yake yakakutwa yametofautiana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Muundo wa meli nao ulikuwa na udhaifu, lakini takwimu hiyo ilitikisa bandari nyingi, na tangu Julai 1, 2016 kontena halipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa. Ufungaji haukupewa uzito huo. Umebaki kwenye mwongozo wa kimataifa wa 2014 ambao hauna nguvu ya kumlazimisha mtu. Barabarani ni hivyo hivyo: mizani inalinda kikomo cha tani 56 kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ila tani 20 zilizofungwa hovyo zinapita bila swali.

Pendekezo langu ni kwamba TASAC, shirika la uwakala wa meli nchini lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, lidai hati ya ufungaji kwa kila kontena la kusafirishwa nje: jina na saini ya aliyepanga mzigo, namna ulivyozuiwa usihame, na picha kabla ya lakiri. Wako watakaosema nahodha ndiye mwenye meli mikononi, hivyo ni juu yake kukagua. Ni kweli kwamba mchukuzi anawajibika kuwa na meli inayofaa safari na kuyafunga makontena sitahani, na akizembea hapo asimtupie mtumaji mzigo huo. Lakini nahodha hafungui kontena lenye lakiri, na haingii akilini kumdai alichofichwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mfanyabiashara mdogo: gharama itaongezeka, na deni la meli moja linaweza kumeza duka, nyumba na shamba. Namwelewa. Hata hivyo, hatari hiyo anaibeba leo, maana uzembe wa wakala unahesabiwa kuwa wake. Hati haimwongezei deni. Inampa silaha ya kumrudia aliyefunga vibaya, na inampa mtoa bima msingi wa kupima hatari. Asiyekuwa nayo atabaki kubishana kwa maneno matupu na kampuni yenye mawakili wa kutosha.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Babati unayesafirisha kwa jina lako, usisubiri kanuni itungwe: usimmalizie wakala malipo yake kabla hajakukabidhi picha za ndani ya kontena na saini ya aliyelifunga.