Sadaka, Riziki na Mgao

Mungu hamtupi mja wake. Hii ni kauli ya faraja, lakini mara nyingi husemwa na aliyeshiba akimwambia mwenye njaa. Yafaa basi tuipime tukiwa hapa Kakuma, ambapo swali la nani humlisha binadamu halikomei darasani.

Tuanze na maneno yenyewe. Sadaka na kusadiki yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ukweli. Atoaye sadaka hamlishi Mola, kwani Mola hana njaa. Anathibitisha kwamba imani anayoidai ni ya kweli. Riziki nayo ni kile ambacho Mungu humjalia kiumbe wake. Si sadaka wala riziki inayomwondolea binadamu wajibu wa kuwa mkono wa kupitishia.

Waturkana walilifahamu jambo hili kabla ya makanisa kufika kwao. Akuj, Mungu wao, ndiye mwenye anga na mvua. Ukame unapozidi, mnyama huchinjwa kwa maombi, na wazee huketi nusu duara katika kikao kiitwacho akiriket. Nyama ile huliwa. Kilichotolewa kwa Mungu hurudi kuwa mlo wa watu walioketi pamoja.

Katika kambi ya wakimbizi, iliyoanzishwa mwaka 1992, neno linalotawala ni mgao. Mgao huhitaji ghala, orodha na mgawaji. Mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa Bamba Chakula, ambao mkimbizi alitumiwa fedha kwa simu ili ajinunulie sehemu ya chakula chake. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikata mgao na kuzipanga familia kwa makundi ya uhitaji. Kunao waliopunguziwa na kunao walioondolewa kabisa.

Hapo ndipo baadhi yetu tuliposikika tukisema, "Mungu atawajalia." Kauli hiyo ikitoka kinywani mwa mwenye njaa ni imani. Ikitoka kwa mwenye ghala ni kisingizio. Mama agawaye kibaba chake cha unga na jirani aliyefutwa orodhani anatoa sadaka, naye anastahili heshima. Lakini sadaka ya maskini kwa maskini haiwezi kufuta deni la serikali na mataifa yaliyoahidi kuwalinda wakimbizi. Wala tusiwasahau Waturkana wenyewe, ambao ukame huwaulia mifugo huku wakitazama magari ya chakula yakipita.

Walimu wenzangu hufundisha methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wasiishie kwenye maana ya maneno. Wawaulize wanafunzi: katika nusu duara yetu ya leo, nani ameachwa nje? Anayeamini kwamba Mungu huruzuku hana budi kujibu swali hilo, kisha asogee ampishe mwenzake aketi.