Kigoma Kusini: Msimamo wa Mbunge Husomwa Wapi?

Wananchi wa Ilagala, wilayani Uvinza, humchagua mbunge wa Jimbo la Kigoma Kusini kila Uchaguzi Mkuu. Wanapotaka kumpima, swali la kwanza huwa ni namna alivyopiga kura bungeni. Utaratibu wa Bunge, hata hivyo, hautoi jibu hilo kwa urahisi.

Hoja nyingi huamuliwa kwa sauti. Wanaoafiki husema "Ndiyo", wasioafiki husema "Siyo", kisha Kiti hutangaza upande ulioshinda. Kura ya namna hiyo haiachi jina la mtu. Bajeti ya Serikali hufuata utaratibu tofauti: kila mbunge huitwa kwa jina na kutamka kura yake. Uamuzi huo ni mzito, kwani Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge endapo litakataa kupitisha bajeti. Lakini hata hapo, wabunge kwa kawaida hufuata msimamo wa vyama vyao.

Kumbukumbu iliyo kamili zaidi imo katika Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge, maarufu kama Hansard. Humo huandikwa maswali, michango na hoja za kila mbunge.

Mfano ulio karibu ni wa David Kafulila, aliyeliwakilisha jimbo hilo kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi kuanzia mwaka 2010 hadi 2015. Mwaka 2014 alisimama bungeni kuhoji malipo ya fedha, zaidi ya Shilingi bilioni 300, kutoka Akaunti ya Tegeta Escrow. Akaunti hiyo ilifunguliwa Benki Kuu kutokana na mgogoro wa malipo kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL. Suala hilo lilichunguzwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali pamoja na TAKUKURU, kisha likafikishwa bungeni na Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na Zitto Kabwe. Mwishoni mwa Novemba, 2014, Bunge lilipitisha maazimio manane.

Desemba mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu, na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa katika Baraza la Mawaziri. Januari, 2015, Profesa Sospeter Muhongo alijiuzulu nafasi ya Waziri wa Nishati na Madini. Mchango wa Kafulila katika suala hilo hauonekani kwenye hesabu za kura. Unaonekana katika hoja alizozitoa na kuzirudia hadi uchunguzi ukafanyika.

Hata hivyo, sifa ya kitaifa haimhakikishii mbunge kurudi bungeni. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2015, Hasna Mwilima wa CCM alitangazwa mshindi wa jimbo hilo. Mpiga kura ana mizani zaidi ya moja. Ilagala ipo kando ya Mto Malagarasi, karibu na unapoingia Ziwa Tanganyika; barabara, kivuko na uvuvi ni mambo ya kila siku. Hata kuhusu usitishaji wa uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nyenzo kuu ya mbunge ilikuwa swali na mchango.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge wajibu wa kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Mwananchi anayetaka kujua kama wajibu huo umetekelezwa hana budi kuuliza: mbunge aliuliza nini, lini, na alijibiwaje?